Pat Cummins akiwa na miaka 18: mkono ulikuwa tayari, mgongo bado

Novemba 2011, kwenye uwanja wa Wanderers jijini Johannesburg, katika mechi dhidi ya Afrika Kusini, Australia ilimpa kofia ya Testi (kriketi ya kimataifa ya siku tano) kijana wa miaka 18 na siku 193. Hadi siku hiyo alikuwa amecheza mechi tatu tu za daraja la kwanza maishani mwake. Mechi ilipomalizika alikuwa na wiketi saba, yaani wapigaji saba aliowatoa, na tuzo ya mchezaji bora, na mkimbio (alama) wa ushindi ulitoka kwenye gongo lake. Testi yake ya pili aliicheza Machi 2017. Miaka mitano na miezi minne ilipita katikati.

Kila anapoibuka mrushaji mpya wa kasi, watu wakaanza kumwaga sifa kabla hata hajamaliza msimu, mimi hurudi kwenye kisa hiki. Sababu ni kwamba hapa waliokuwa wakimpima mchezaji hawakukosea kuhusu kipaji. Waliona walichopaswa kuona, wakakisema, na muda ukawathibitishia. Bado kijana akapotea kwenye mechi za Testi kwa zaidi ya nusu muongo. Kwa maoni yangu Australia ilimsoma Pat Cummins vizuri sana kama mrushaji, ikamsoma vibaya kama mwili unaokua, na kosa lenyewe lilianza miezi minane kabla ya Johannesburg.

Alichokionyesha Wanderers

Australia ilifika Johannesburg ikiwa hoi. Wiki moja kabla, Cape Town, ilikuwa imetolewa yote kwa mikimbio 47, na msururu ulikuwa wa mechi mbili tu. Ryan Harris, aliyekuwa mhimili wa urushaji wao, alikuwa na tatizo la nyonga. Cummins alikuwa kwenye ziara ileile, mwezi mmoja tu tangu avae jezi ya taifa kwa mara ya kwanza katika mechi za ova 20 na ova 50 (ova moja ni mipira sita), na katika kila moja ya mechi hizo mbili za kwanza alichukua wiketi tatu. Nahodha Michael Clarke akampa mpira.

Iningi ya kwanza, yaani zamu ya kwanza ya Afrika Kusini kupiga, hakung'ara: ova 15, wiketi moja kwa mikimbio 38. Ya pili alikuwa moto wa kuotea mbali. Alirusha ova 29 akachukua wiketi sita kwa mikimbio 79. Hakuokota wiketi za mkiani tu, za wapigaji dhaifu wa mwisho. AB de Villiers alikuwa amefikisha 73, amezoea uwanja, anauona mpira vizuri, na alitoka kwake. Jacques Kallis naye alitoka kwake.

Mtu anayepima mrushaji hatakiwi kuanza na idadi ya wiketi. Atazame mpira unadunda wapi. Cummins alikuwa akirusha kwa zaidi ya kilomita 140 kwa saa, lakini vijana wa kasi hiyo wapo wengi, na wengi wao wanarusha mmoja mzuri, mmoja mfupi mno, mmoja kwenye miguu ya mpigaji. Yeye alirudia urefu uleule ova baada ya ova, ule urefu unaomwacha mpigaji njia panda, asijue asogee mbele au abaki nyuma. Akishamzoesha hapo, anamletea mfupi unaopanda hadi mbavuni. Hiyo ni akili ya mtu wa miaka 28. Jambo la pili ni kwamba kasi yake haikushuka siku zilipoendelea. Aliporudishwa jioni, mpira ulimfikia kipa ukiwa bado juu.

La tatu watu hulisahau kwa sababu halimo kwenye urushaji. Australia ilikuwa ikifukuza mikimbio 310. Wiketi ya nane ilipoanguka zilikuwa zimebaki 18, na kijana akaingia kumkuta Mitchell Johnson upande wa pili. Imran Tahir wa Afrika Kusini alikuwa anazungusha mpira na wadakaji wamemzunguka mpigaji karibu kabisa. Cummins alimaliza na mikimbio 13 bila kutolewa, na ule wa mwisho aliupeleka mpakani kutoka kwa Tahir. Najua wapo wanaosema gongo la mrushaji halisemi chochote kuhusu kipaji chake cha kurusha. Mimi nalihesabu. Mechi imebana, dunia inatazama, na mtu wa miaka 18 anachagua mpira wa kuupiga na kuuacha ule mbaya. Moyo wa namna hiyo ndio utakaomwambia siku nyingine arudie urefu uleule hata kama mpigaji amempiga nne mara mbili mfululizo.

Kuna kidole pia. Utotoni dada yake alifunga mlango bahati mbaya, Cummins akapoteza ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kulia, mkono anaorushia. Mpira wa kasi hushikwa kwa kidole cha shahada na cha kati juu ya mshono, na mtu angesema hapo pana kasoro. Vidole vyake viwili vinakaribia kulingana urefu, na mshono unatoka mkononi mwake ukiwa umesimama wima kuliko wa warushaji wengi wenye vidole kamili. Sidai kwamba kidole ndicho kilichomfanya awe alivyo. Ninachosema ni kwamba mpimaji anayekwenda uwanjani na picha ya mwili bora kichwani angemkata jina kwa jambo lisilo na madhara yoyote, halafu asiulize lile lililokuja kumgharimu.

Ova 65 za Hobart

Lililomgharimu lilikuwepo kwenye kumbukumbu za mechi, wazi kabisa kwa yeyote aliyetaka kulisoma. Machi 2011, New South Wales ilicheza fainali ya Sheffield Shield, mashindano ya majimbo ya Australia, dhidi ya Tasmania huko Hobart. Cummins alizaliwa Mei 8, 1993, kwa hiyo alikuwa bado na miaka 17. Katika mechi hiyo moja alirusha ova 65.

Zidisha kwa sita: mipira 390. Mipira 390 ni mara 390 mguu wa kushoto kutua kwa kishindo chenye uzito mara kadhaa wa mwili wake, na mara 390 kiuno kujipinda.

Ni vizuri kuelewa kinachotokea hapo, kwa sababu watu husema "aliumia mgongo" kana kwamba ni bahati mbaya kama kuteleza bafuni. Mrushaji wa mkono wa kulia anapofika kwenye mstari, mguu wa mbele wa kushoto unapiga chini na goti linakaza. Kwa sehemu ndogo ya sekunde mwili wote unasimama ghafla juu ya mguu huo, na katika muda huohuo kiwiliwili kinafanya mambo matatu kwa pamoja: kinalala upande wa kushoto ili mkono wa kulia upite juu, kinapinda nyuma, na kinazunguka. Mzigo unashukia pingili za chini za kiuno, hasa ya nne na ya tano, kwenye daraja jembamba la mfupa lililo upande wa nyuma wa pingili. Kwa mrushaji wa kulia upande unaoumia mara nyingi ni wa kushoto, na kwa wa kushoto ni kinyume chake.

Mfupa ukipata mzigo huo na kisha ukapata mapumziko, unajijenga ukawa imara zaidi kuliko ulivyokuwa. Ukipata mzigo mwingine kabla haujamaliza kujijenga, unaanza kuvimba kwa ndani. Hapo kipimo cha MRI kinaona, lakini mchezaji anahisi uchovu wa kawaida tu. Ukiendelea, unatokea ufa. Na sehemu hiyo ya mgongo huendelea kuongeza madini hadi mtu anapokaribia katikati ya miaka ya ishirini. Kwa kijana wa miaka 17 mfupa huo ni zege ambalo halijakauka: ukiligusa linaonekana limeshika, lakini halijafikia nguvu ya kubeba ghorofa.

Haya hayakuwa siri. Mwaka 2009, miaka miwili kabla ya Hobart, watafiti wa Australia hukohuko walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mrushaji wa kasi aliyepitisha ova 50 katika mechi moja anabeba hatari kubwa zaidi ya kuumia katika wiki tatu zinazofuata. Cheleweo hilo ndilo linalowapoteza makocha wengi. Mchezaji anamaliza mechi nzito, anaamka kesho yake mzima, kila mtu anasema mwili umemkubali. Jeraha linakuja baadaye, kwenye mechi nyepesi, na lawama inaangukia mechi hiyo.

Sasa fuatilia kilichotokea baada ya Hobart. Kriketi nyingi aliyocheza Cummins kutoka Machi hadi Novemba ilikuwa ya mifumo mifupi. Kwenye ova 20 mrushaji anarusha nne basi, kwenye ova 50 mwisho ni kumi. Kisha Wanderers, ndani ya siku tano, alirusha ova 44. Mtu aliyezoea nne na kumi akabebeshwa 44, na wa kuusoma mruko huo walikuwepo. Mimi naamini mruko huo ulikuwa na madhara makubwa kuliko idadi yenyewe. Mwili wa mrushaji unazoea mzigo kwa kupandishiwa taratibu, wiki kwa wiki, na kinyume na wanavyodhani wengi, kumpumzisha kijana kwa miezi kisha kumtupia mechi ya siku tano ni hatari kama kumchosha kila wiki.

Kilichofuata

Akaondoka Johannesburg na jeraha la kisigino lililomkosesha msimu wa nyumbani. Alirudi katika kriketi ya mifumo mifupi mwaka 2012, na kabla mwaka haujaisha mgongo ukaonekana una ufa. Mwaka 2013 mgongo tena, akiwa na Australia A, kikosi cha pili cha taifa. Mwaka 2015 alikuwamo kwenye kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia, akaitwa hata kwenye ziara ya Ashes (msururu wa Testi kati ya Australia na Uingereza) huko Uingereza baada ya Ryan Harris kustaafu, na Septemba mwaka huohuo mgongo ukamtoa kwa mara nyingine.

Lazima niwape haki yao Cricket Australia, chama cha kriketi cha nchi hiyo, katika kipindi hiki. Hawakumtupa. Mkataba wake waliendelea kuulinda, wakamtumia kwenye mechi fupi ambako mzigo unahesabika, na wakamkutanisha na Dennis Lillee, mrushaji wa kasi wa zamani wa Australia, kurekebisha namna ya kurusha. Lillee hakuwa mshauri wa kuletwa kwa ajili ya jina. Mwaka 1973, kwenye ziara ya West Indies, yeye mwenyewe alivunjika mgongo kwa namna hiyohiyo, watu wakamhesabu amekwisha, naye akarudi msimu wa 1974/75 akawasumbua Waingereza. Alijua kazi ya kurudi inavyofanywa.

Kurekebisha mtindo, hata hivyo, ni dawa yenye makali pande zote mbili. James Anderson wa Uingereza alibadilishwa mtindo na makocha akiwa kijana, na mwaka 2006 akakaa nje karibu msimu mzima kwa ufa wa mgongo. Aliporudia mtindo wake wa asili aliendelea kucheza Testi hadi Julai 2024 akiwa na miaka 41, na wiketi 704 za Testi. Kwa hiyo mtu akiniambia kijana fulani "ana mtindo mbaya, arekebishwe", nauliza kwanza: mbaya kwa macho au mbaya kwa kiuno? Mkono unaopita pembeni au mruko wa ajabu si hoja. Hoja ni pale nyonga zinapoelekea upande mmoja na mabega yakazungushwa kuelekea kwingine wakati mguu unatua, maana hapo kiuno kinakamuliwa kama nguo.

Machi 2017 Cummins alicheza mechi yake ya kwanza ya Shield ndani ya miaka sita, dhidi ya South Australia, akachukua wiketi nane. Siku chache baadaye Mitchell Starc aliumia mguu India, na wateuzi wakamwita Cummins. Mechi moja tu ya siku nne, kisha Testi ya Ranchi, kwenye uwanja usio na msaada wowote kwa mrushaji wa kasi. Ukitazama juu juu ni kamari ileile ya 2011, na kulikuwa na watu wenye nia njema waliosema hivyo.

Ranchi alirusha ova 39 katika iningi moja. Cheteshwar Pujara wa India alikaa kwenye gongo kwa mipira 525 akafikisha 202, na joto lilikuwa kali. Cummins alimaliza na wiketi nne kwa mikimbio 106: KL Rahul, Virat Kohli aliyekuwa na 6 tu, Ajinkya Rahane, na Ravichandran Ashwin. Kohli aligusa mpira uliotoka nje ukaingia mikononi mwa Steve Smith kwenye slipu, pale nyuma ya mpigaji kando ya kipa, na urefu ulikuwa uleule wa Wanderers. Mkono haukuwa umesahau kitu.

Na mgongo ukakubali. Msimu uliofuata alicheza mechi zote tano za Ashes na kuongoza orodha ya wiketi kwa 23. Kilichotofautisha kamari hizi mbili ni umri: 2017 alikuwa anakaribia miaka 24. Mfupa ulikuwa umepata miaka ya kujijenga, misuli ya kiuno na nyonga imeongezeka, mtindo umeshafanyiwa kazi. Waliosema "ni yaleyale" walikuwa wanahesabu mechi, wakasahau kuhesabu miaka.

Wapo pia wanaosema angechezeshwa polepole asingeumia kabisa. Sina uhakika huo. Waqar Younis wa Pakistan aliingia Testi mwaka 1989 akiwa kijana mdogo, na ufa wa mgongo ukamkosesha Kombe la Dunia la 1992. Urushaji wa kasi unachukua kodi yake kwa karibu kila mtu. Hata Cummins mwenyewe, nahodha wa timu iliyotwaa ubingwa wa dunia wa Testi na Kombe la Dunia mwaka 2023, mwenye wiketi zaidi ya 300 za Testi, mwaka 2025 alikutwa tena na msongo kwenye mfupa wa kiuno, akazikosa mechi za mwanzo za Ashes. Ninachodai ni kidogo zaidi: ova 65 katika umri wa miaka 17 ziliivuta mbele hesabu ambayo ingeweza kusubiri, na hakuna nahodha wa timu ya jimbo anayepaswa kuachiwa peke yake uamuzi huo katikati ya fainali. Nahodha anataka kombe. Mtu mwingine, mwenye daftari, ndiye wa kusema imetosha.

Kwa wanaoibuka sasa

Aprili 2024 Mayank Yadav wa India alirusha mpira wa kilomita 156.7 kwa saa kwenye IPL, ligi ya ova 20 ya India, akiwa na miaka 21, akawa mchezaji bora katika mechi zake mbili za kwanza. Mwezi huohuo akaumia. Oktoba aliichezea India huko Gwalior dhidi ya Bangladesh, na ova yake ya kwanza haikutoa mkimbio hata mmoja. Kisha mgongo ukamweka nje. Mkono wake sina shaka nao. Lakini ova nne nne za IPL hazijaniambia lolote kuhusu jioni ya siku ya pili ya Testi, na anayemwita leo "Lillee mpya" anajibu swali ambalo halijaulizwa uwanjani.

Huku kwetu jambo hili limetukaribia kuliko tulivyozoea. Tanzania ilifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 19, la mwaka 2026, na warushaji wa kasi wa kikosi cha namna hiyo wako kwenye umri uleule wa Hobart. Kijana wetu mwenye kasi mara nyingi ndiye pekee aliyenaye kocha: anarusha shuleni Ijumaa, klabuni Jumamosi, kwenye timu ya taifa ya vijana Jumapili, na kila upande unahesabu ova zake tu. Jumla hana mtu anayeijua. Daftari moja linalomfuata mchezaji kila anakokwenda halihitaji maabara wala mashine ya MRI.

Ninayemfuatilia kwa karibu zaidi ni Kwena Maphaka wa Afrika Kusini. Kwenye Kombe la Dunia la vijana la 2024 alichukua wiketi 21 akawa mchezaji bora wa mashindano, na Januari 2025, akiwa na miaka 18, akawa mchezaji mdogo kuliko wote kuwahi kuichezea Afrika Kusini Testi. Anarusha kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo upande wa kuangaliwa kwake ni pingili za kulia. Kama mrushaji nimeshamkubali: ana kasi, anadundisha mpira pale anapotaka, na mpigaji mwenye jina kubwa hamtishi. Kuhusu mwili sitasema lolote kabla hajafika miaka 24, yaani mwaka 2030, na mpaka wakati huo nitakuwa nahesabu ova zake za kila wiki kuliko wiketi zake.